Dirisha la Upande wa Kuume

Jumatano, 1 Machi 1967

Daktari amesema. Jicho la kushoto limekwisha, hilo nalijua tangu mwaka jana. La kuume nalo laanza kuingia ukungu. Niende Mombasa nikapasuliwe. Huenda likapona, huenda likamfuata mwenzake. Haya!

Nimemwambia kaka Mohdhar: nakwenda kwa ndege, na nitakaa dirishani. Miaka arubaini na mitatu niko mtaani Langoni nashona kofia za vichwa vya watu, mji wenyewe sijauona mzima hata siku moja. Nataka niuone kabla ya kisu. Kaka akacheka — mtu wa jicho moja na dirisha wapi na wapi? Nikamwambia hilo moja ndilo litakalo dirisha!

Ijumaa, 3 Machi

Nimemuuliza Abdulqadir, yeye hupakia mizigo kiwanja cha ndege Manda, kisiwa cha ng'ambo, anajua. Ati ndege ikipaa yapinda juu ya mkondo, mji wote wabaki mkono wa kuume. Tena asubuhi jua liko upande wa pili, halikuchomi. Nisikae kati, bawa litaniziba. Mbele kabisa! Na mimi nikikaa kushoto, dirisha litakuwa upande wa jicho bovu. Nitaona nini? Masikio ya abiria.

Jumamosi, 4 Machi

Nimekwenda mwenyewe afisi ya ndege. Karani ni kijana wa bara, aitwa Wanyama, mpole. Nikamwambia: dirisha la mbele, upande wa kuume. Akanitazama, akatabasamu. Akasema anaelewa, yeye anaheshimu mila za hapa, nisiwe na wasiwasi. Mila gani tena? Nikaona adabu tu. Ameandika. Alhamdulillahi.

Jumatatu, 6 Machi

Kaka ataka niende kwa basi na shangazi Mwanamkisi. Nimekataa. Amenuna. Anune.

Jumanne, 7 Machi. Manda, ndani ya ndege

Wameniweka kushoto! Kushoto!

Nimekwenda kukaa kuume, mbele, kama nilivyosema. Akaja Bwana Rufus, mtu wa serikali, suti na mkoba, ati kiti ni chake. Sikunyanyuka. Akaitwa Wanyama, yule karani, aliyekuwapo na orodha ya abiria. Akasema kwa upole, Bi Amini, nimekuweka mbali na upande wa kiume, kama ulivyotaka. Lo! Kumbe alisikia kiume! Kadhani nauogopa upande wa wanaume, kana kwamba ndege ni msikiti! Nikamwinulia mkono: kuume ni huu, Bwana, huu nnaolia wali! Akasema, si ungesema kulia, Bi? Nikamwambia wewe ndiwe uliyekuja nti ya watu, jifunze. Watu wakacheka. Hata yeye alicheka, maskini, lakini kalamu yake haikubadilisha kitu.

Hapo ndipo Mohdhar, aliyekuja kunisindikiza na kununa kwake, akapiga kelele kutoka chini mlangoni: muoneeni huruma dada yangu, ana jicho moja!

Kaka huyu! Uso wangu wote ulipata moto. Siri yangu mbele ya abiria wanane! Bwana Rufus akalainika papo hapo. Pole Bi, pole sana, kaa tu, mimi nitakaa kule.

Nikasimama. Ndiyo, mimi! Nimemwambia: Bwana, kwa huruma sikitaki. Nilikiomba kwa mdomo wangu, nikaandikiwa kombo. Karani aseme amekosea, kiti ni changu, nitakaa. La sivyo kaa wewe.

Bwana Rufus hakukaa. Wanyama anageuza karatasi zake juu chini. Kukiri kosa mbele ya mtu wa serikali, naona aihofia kazi yake. Nami nalihofia jicho langu! Rubani amegeuka, asema haondoki watu wakiwa wima. Basi asiondoke.

Naandika nimesimama, daftari juu ya mgongo wa kiti. Naogopa, wallahi. Wakinishusha, sitauona mji tena. Dirisha lile pale. Kiti ki wazi. Wanyama amefungua mdomo. Nangoja neno lake, na lisiwe pole.