Dosiye ya Iriza na Kamba ya Yaya

Butare, 27 Agosti 1998

Yaya Bimenyimana, mukubwa yangu,

Jambo sana, na habari ya siku mingi? Miye niko muzima. Malariya ilinipitia kidogo, ikaona sina nyama, ikaendelea na safari yake. Muguu ya Maman inaendelea namna gani? Umusalimie, umwambie nakula vizuri huku kwa Tante, mama yetu mudogo, asianze kulia.

Yaya, matokeo ilitoka. Nilipita, na nilipita vizuri. Usipige kelele ku soko, nakuomba.

Sasa sikia. Wenzangu banaenda ku sheria, ku ualimu, ku biashara. Bale banatuma diploma na foto, imeisha. Lakini section ya ujenzi, ile minataka tangu utoto, fasi ni kidogo na bantu benye kuitaka ni mingi, njo maana banaomba bintu bingine juu yake. Kwanza, desen, ni kusema mchoro, ya kitu kilijengwa karibu na kwenu na bantu banakitumia kila siku. Ikuwe na vipimo vya kweli, useme kiko na makosa gani na weye ungekitengeneza namna gani. Tena, barua ya muntu alikuona na macho yake ukitumika kazi. Asikuwe ndugu, asikuwe mwalimu. Yote ifike Kigali mbele Septemba iishe. Ukikosa kimoja, bahasha yako habaifungue ata kidogo.

Nilichagua daraja ya Rusizi ya Pili, ile ya mupaka kati ya Cyangugu na Bukavu. Tulivuka pale na magodoro ku kichwa wakati tulitoka Bukavu, weye ukiimba sawa tunaenda ku arusi. Naiona ata macho ikiwa imefungwa. Lakini vipimo sina. Weye unapita pale kila siku. Nipimie urefu, upana, na nguzo za pembeni: moja iko mbali gani na ingine. Miye siwezi kuja, Maman alinikataza kupita mu pori ya Nyungwe siku hizi.

Na tuandikiane tu mu Swahili yetu ya Kadutu, kule Bukavu, juu Kinyarwanda yako ya kuandika, Yaya, ile nayo inahitaji muntu wa kuitengeneza.

Mudogo yako,
Iriza

*

Cyangugu, 2 Septemba 1998

Mudogo yangu Iriza, injeniere wa taifa,

Jambo, na jambo tena, na ile ya tatu ni ya Maman. Muguu yake imepona: jana alinikimbiza nayo. Miye ni muzima, na njaa yangu nayo ni muzima kabisa.

Nilipiga kelele ku soko. Unisamehe. Ata benye kuuzisha mihogo ya Gashonga banajua umepita. Mama mmoja aliniuliza kama utamujengea choo, nikamwambia apange foleni.

Sasa daraja. Mambo imebadilika hapa. Tangu vita irudie kule ng'ambo, basoda na bunduki yao ni mingi pale kuliko bantu benye kuvuka. Ukisimama: "Songa!" Ukiangalia maji: "Unaangalia nini?" Muntu akifungua metro ya kupimia pale, atapimwa yeye mwenyewe, na fundi wa masanduku ya maiti.

Lakini Yaya yako alisoma paka mwaka wa ine, na mwaka wa ine njo banafundisha akili. Unajua nauzisha kamba. Unajua pia bantu ba huku: hakuna mwenye atanunua kamba ikiwa imeviringwa. Balidanganywa sana, unakuta ndani ni vipande vipande. Lazima uinyooshe yote chini, mukiliya atembee pembeni yake kutoka kichwa paka mukia, aivute, aitukane, njo bei ianze. Basi, Jumamosi nitapatana na Nabintu, ule mama wa Bukavu anachukuaka kamba ya kufungia mbuzi. Yeye atashika mwisho moja kwao, miye ingine kwetu, na kamba italala juu ya daraja yote. Fasi ya kila nguzo nitafunga kipande ya kitenge nyekundu. Bakiniuliza, nitasema ni pambo. Nani atakataza biashara?

Usiogope. Barua nampa Wenceslas wa taksi, ule anaendeshaka sawa tumbo inamuuma.

Yaya yako,
Bimenyimana

*

Butare, 7 Septemba 1998

Yaya,

Jambo. Miye muzima. Weye? Nauliza kwa kweli, si kwa desturi.

Taksi ya Wenceslas ilikufa njiani, barua yako amenipa leo. Jumamosi imeshapita. Yaya, nakuomba, kama haukufanya, usifanye! Tunasikia redio huku. Saa hii muntu mwenye kupima daraja habamuite mwanafunzi, bako na jina ingine. Nilikuwa na akili gani kukuomba vile? Nilikuwa naona desen tu. Nitachora soko. Nitachora kanisa. Nitachora choo ya ule mama.

Kama ulifanya tayari, tupa ile kamba mu maji.

Nijibu upesi, ata neno moja.

Mudogo yako,
Iriza

*

Butare, 14 Septemba 1998

Yaya,

Jambo. Uko muzima?

Wenceslas alirudi bila barua. Nilimuuliza, "Ulimpa?" Akasema, "Nilimpa Maman yenu." Nikauliza, "Na yeye mwenyewe?" Akaanza kuangalia mapira ya gari yake moja moja, sawa anayanunua leo. Weye unamujua Wenceslas, ni muntu wa kusema paka mate inakauka. Leo, ni mapira tu.

Uko wapi?

Iriza

*

Fasi ya bure, 16 Septemba 1998

Mudogo yangu,

Jambo sana kutoka ku nyumba yangu mupya. Silipe kodi, na ku mulango kuko mulinzi. Mwili ni muzima, ni mugongo tu inalalamika.

Barua hii Komanda wa basoda ataisoma mbele itoke. Komanda, kama umefika ku hii mustari, jambo sana, na habari ya bibi na batoto.

Iriza, kamba ilinyooka vizuri. Nabintu aliitukana vizuri pia: "Kamba gani hii, ni mujusi?" Bantu balicheka, basoda balicheka. Nilifunga kitenge ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyuma soda mmoja kijana, macho makali, akaacha kucheka. Akasema, "Weye, mbona pambo inakaa paka fasi ya nguzo?" Miye, mwenye mudomo, nilianza kukunja kamba. Nabintu aliachilia kamba na kurudi kwao mbio, na Mungu amubariki, juu bangemushika yeye pia.

Banauliza nani wa ng'ambo alinituma. Nasema ni mudogo yangu wa Butare, juu ya masomo. Komanda anasema, "Chuo gani inaomba muntu daraja?" Nasema kuko karatasi. Anasema, "Iko wapi?" Nasema iko kwa mudogo yangu. Anasema, "Kila muntu aliye hapa ndani iko na karatasi fasi ingine." Pale alisema kweli, Komanda, sikatae.

Jumatatu bananihamisha. Fasi gani, sijue.

Usikuje. Ile karatasi lazima iende Kigali na dosiye yako, na pori unaijua. Miye nitatoka na mudomo yangu, ilishanitoa fasi mingi. Maman analeta chakula, anachukua sahani ya jana, anarudi. Umuandikie.

Yaya yako,
Bimenyimana

*

Butare, 22 Septemba 1998

Yaya yangu,

Jambo. Mugongo inasema nini leo? Nilifika muzima huku Butare. Ku pori Wenceslas aliendesha, abiria bote tulikuwa tunasali, kila mmoja na dini yake.

Uliniandikia nisikuje, nikakuja. Juzi kwa nyumba uliniuliza mule ndani ku biro ya Komanda ilikuwa namna gani. Nilikuwa nakuangalia tu ukila. Sasa naandika.

Nilimpa Komanda karatasi ya chuo. Aliisoma, akaigeuza, akasoma ata nyuma fasi hakuna kitu. Akasema, "Karatasi kila muntu anaweza kupigisha ku mashini. Kama weye ni mwanafunzi, chora. Hapa, sasa." Akanipa kreyo. Kamba yako ilikuwa juu ya meza, na pembeni yake bunduki. Nilichukua vipimo ku vitenge vyako vyekundu. Yeye alikuwa anaenda ku mulango, anaangalia daraja, anarudi, anaangalia karatasi. Sikuwa nasikia kitu, ni kreyo tu. Nilikuwa najiambia, ukikosa mustari moja, Yaya anaenda Jumatatu.

Nilipomaliza, aliangalia sana. Akasema, "Umesahau kitu."

Nikasema, "Sikusahau, Afande. Nyumba za basoda na fasi banasimama, niliziacha makusudi. Miye nataka kujenga madaraja. Zile hazinihusu."

Yaya, alienda tena ku mulango, akaangalia inje. Nyuma akasema, "Mwenye kutumwa na adui angeanza na zile." Akaita soda, akasema, "Ule wa kamba, mufungulie."

Lakini alichukua kiberiti, akachoma desen mbele yangu. "Hii daraja haitoke hapa ata ku karatasi." Nilikuwa nalia na nacheka. Alisoma tena ile karatasi ya chuo, fasi banaomba barua ya muntu alikuona ukitumika. Akauliza, "Huyu umeshamupata?" Nikasema hapana. Akakaa, akaandika yeye mwenyewe, akapiga muhuri: *Nilimuona huyu musichana akichora na bunduki mbele yake. Mukono haikutetemeka.*

Basi niko na barua, sina desen. Siku zinaisha, na ku mukono sina kipimo cha kitu ingine. Nitajaribu mwaka ujao. Weye uko inje, inatosha. Usihuzunike.

Mudogo yako,
Iriza

*

Cyangugu, 24 Septemba 1998

Iriza,

Jambo, jambo, hakuna wakati wa habari. Wenceslas anapiga honi hapa inje, na Maman anamutukana juu ya honi.

Mwaka ujao ni ya nani? Banataka kitu bantu banatumia kila siku, karibu na kwetu, iko na makosa? Mudogo yangu, nililala ndani yake! Ile kasho ya kufungia bantu iko na makosa kuliko miye.

Leo asubui nilirudi kwa Komanda. Aliniangalia sawa muntu anaona mbuzi inarudi kwa buchari peke yake. Nikasema, "Komanda, daraja ni siri, nimefahamu. Na kasho yako, nayo ni siri?" Soda wa ku mulango alikohoa. Mudomo ilishatoka, siwezi kuirudisha.

Komanda akasema, "Ile? Ile kila muntu wa hapa anaijua." Nyuma akasema, "Upime. Lakini mudogo yako achore mbili. Moja iletwe kwangu."

Sikuwa na kamba, basoda balibaki nayo. Nilipima na mwili. Weye unajua urefu yangu, ulinipimaka ku mulango wa jikoni kila Krismasi, geuza ikuwe metro. Nikilala kichwa ikigusa ukuta, nyayo zinagusa ule mwingine, na magoti iko imekunjwa kidogo. Upana: miye kulala, na mukono moja kunyoosha pembeni, basi. Mule tulikuwa bantu sita, tulikuwa tunalala kwa zamu, benye kusimama banaegemea ukuta.

Makosa: mulango inafungukia ndani, ikifunguka lazima mmoja asimame. Chini inateremka kwenda ku kona, na mvua inaingia fasi bati haifike, inakusanyika pale pale kona, fasi ya muzee mmoja wa Nyakabuye, ule alikuwa anakohoa. Dirisha hakuna. Mchana ni usiku, usiku ni usiku mara mbili. Hiyo ya dirisha, Iriza, njo mbaya kuliko yote. Nilicheka sana mule ndani, na sikuwa naona nani anacheka.

Chora. Wenceslas alikubali kukupeleka Kigali yeye mwenyewe. Anasema injeniere hapandi na bale ba kuku.

Yaya yako,
Bimenyimana

*

Kigali, 15 Novemba 1998

Yaya yangu na Maman,

Jambo sana. Niko muzima, nalala bila kuamuka amuka. Sijui nyinyi?

Bamenipokea. Naandika tena, juu ata miye sijaamini: bamenipokea. Tuko basichana babili mu section yote.

Ku chuo balituita mmoja mmoja, desen iko juu ya meza. Muzee wa miwani aliuliza dirisha, kwa nini niliiweka juu vile na si ku kimo cha macho. Nikasema, muntu aliye mule mara mingi iko analala, anaangalia juu. Akaandika kitu. Nyuma akauliza, "Vipimo hivi ni sawa sawa kabisa. Ulipima na nini?"

Nikasema, "Si miye. Ni yaya yangu, na mugongo yake."

Hakuna mwenye alicheka.

Ile desen ya pili iko mu bahasha hii, umupelekee Komanda sawa tuliahidi. Maman asiende na weye, atamwambia mambo.

Mudogo yako,
Iriza

*

Cyangugu, 6 Desemba 1998

Mudogo yangu,

Jambo sana. Sisi bote bazima. Maman alienda na miye kwa Komanda, na alimwambia mambo. Komanda alisimama wima paka akamaliza, ata kofia aliitoa.

Nilipiga kelele ku soko. Hii mara ule mama wa choo alilia.

Jana nilipita ku kasho, kule chini karibu na maji, kwa inje, usiogope. Mulango imegeuzwa. Ile kona bameweka bati. Na dirisha iko. Ni ndogo kuliko ile yako ya ku desen, fundi alikuwa na haraka ao uvivu, lakini iko juu pale pale uliichora. Soda kijana wa macho makali alikuwa kwa zamu. Nikamuomba niingie kidogo kuona. Akasema, "Weye, bantu banaombaka kutoka." Lakini alinifungulia, mule hapakuwa muntu.

Nililala chini, fasi yangu ya zamani, nikaangalia juu.

Iriza, ile dirisha inaangalia daraja kule juu. Unaiona yote, kutoka kwetu paka kwao, na nguzo zake moja moja.

Yaya yako,
Bimenyimana