Ng'ombe Hawahesabiwi Hadharani

Kahama, 2 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na kifua cha mama? Mimi mzima, ila mvua ya huku inanyesha siku moja na kupumzika tatu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kukupigia simu ni kujipasua koo bure. Masikio yako uliyaacha kwenye mashine ya kusaga mawe hapo mgodini. Na meseji umezikataa, eti hazikunjiki ukaziweka mfukoni. Haya, kondakta wa basi la asubuhi atakuletea hii.

Nimeacha kazi ya duka la simu. Sikufukuzwa, nimeacha mwenyewe. Zile tovuti nilizokuwa natengeneza baada ya kufunga duka ndizo kazi yangu sasa. Tovuti ni kibao cha biashara ambacho mtu wa Dodoma anakisoma akiwa kwake. Nimeshatengeneza ya nyumba ya wageni na ya fundi magodoro. Sasa wafugaji kumi na wawili wa Msalala, mwenyekiti wao Mzee Ndaki, wanataka wanunuzi wa mbali wawaone ng'ombe wao bila kupitia kwa madalali. Sijawahi kupata kazi kubwa kama hii.

Usinikasirikie. Naomba baraka zako.

Mwanao,
Vumilia

Mwadui, 9 Machi 2025

Mwanangu Vumilia,

Marahaba. Sisi tupo. Kifua cha mama yako kimetulia, mdomo bado. Amenisomea barua yako kwa sauti mpaka majirani wamejua umeacha kazi.

Sijakasirika, naogopa. Miaka thelathini na moja nimeingilia na kutokea geti moja. Nikiumwa, kulikuwa na mtu wa kuuliza Masalu yuko wapi. Wewe ukiumwa huko chumbani na kompyuta yako, nani atauliza? Jambo hili linanikosesha raha.

Thobias, yule niliyemfundisha kazi, siku hizi ni msimamizi wa stoo ya mkandarasi mmoja huko Bugarama. Anatafuta karani, na nimemwomba akushikie nafasi hadi tarehe thelathini Aprili. Fanya kwanza hiyo kazi ya Mzee Ndaki. Ikisimama, sitasema neno. Ikianguka, uende kwa Thobias. Nijibu kama tumekubaliana.

Baba yako,
Masalu

Kahama, 6 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo. Mimi mwili mzima, moyo sivyo. Nilikujibu kwamba tumekubaliana, na sasa kazi imeanguka.

Jumatano niliwaonyesha wafugaji tovuti yao pale ofisi ya kijiji. Kila mmoja ana ukurasa wake: jina, picha, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, idadi ya ng'ombe wake, ili mnunuzi ajue anaongea na mtu mzito. Nilihesabu mwenyewe, zizi kwa zizi, asubuhi wakitoka kwenda malishoni. Nilijiona hodari.

Mzee Ndaki akaniuliza kwa upole, "Binti, hiyo namba nani kakutuma?" Nikasema hakuna aliyenituma. Akavaa kofia yake akatoka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Jana ameleta ujumbe kwamba wanashukuru sana ila wameahirisha. Unajua wazee wakiahirisha maana yake nini.

Nimelia, Baba. Silii kwa kuogopa njaa. Naililia kazi yenyewe. Naifungua, naiangalia, naifunga. Ilikuwa nzuri na nimeiharibu kwa mkono wangu.

Neno langu nalikumbuka, nitaenda kwa Thobias kabla ya tarehe thelathini. Lakini niambie nimekosa wapi, maana mimi nimekulia nyumba za kampuni na zizi nililiona nilipoenda kwa babu tu.

Mwanao,
Vumilia

Mwadui, 10 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Kosa hilo ni letu sote. Nilikulea kwa king'ora cha mgodi nikasahau kukufundisha mambo ya nyumbani.

Mfugaji wa kwetu haulizwi ana ng'ombe wangapi. Unamuuliza kama ng'ombe wazima, naye atakujibu wapo wapo. Wengine wanaogopa kijicho, lakini si hilo tu. Kundi la mtu si la mtu mmoja. Mle ndani kuna ng'ombe wa shemeji aliyewaweka kwake, kuna wa mahari ya dada ambayo ndugu wawili wanaigombania, kuna jike la mjane. Ukiandika namba chini ya jina la Ndaki umewaambia wote hao kwamba ni wa Ndaki. Kesho yake watakuwa kwa mtendaji wa kijiji.

Na mnunuzi hanunui namba. Mwonyeshe yule anayeuzwa tu: rangi yake, pembe, nundu, na mama yake alikuwa mtu gani. Waache wenyewe wamweleze, maana mfugaji akianza kumsifu dume lake hutamnyamazisha. Ila kwanza nenda ukaombe radhi kwa miguu yako, usipige simu. Ukikaribishwa, kaa.

Habari ya Thobias iache kwanza.

Baba yako,
Masalu

Kahama, 18 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Mama naye nampa shikamoo yake. Mimi mzima kabisa.

Nilienda. Mzee Ndaki aliniweka kivulini saa nzima, halafu akanipa maziwa mgando. Nikaomba radhi. Nikamwomba anieleze dume lake la rangi ya majivu, akaongea mpaka jua likahama, na wenzake wakaja kumsahihisha. Niliandika kila neno. Sasa namba hakuna popote, kuna ng'ombe na maneno ya wenyewe. Kati ya wale kumi na wawili, kumi wamerudi.

Wiki iliyopita lori lilitoka Dodoma. Mnunuzi aliposhuka aliuliza kwa maneno ya Mzee Ndaki, "Yuko wapi yule anayetembea kama baba wa bwana harusi?" Na wenye mashine za mpunga hapa Kahama nao wananiita.

Lakini nina deni la neno. Tarehe thelathini ilifika wakati bado sijajua kama watarudi, na sikwenda Bugarama. Nilikaa tu, nikaiacha ipite. Tangu siku hiyo naogopa kukuandikia. Nisamehe, Baba. Nitaenda kumwomba radhi Thobias pia.

Mwanao,
Vumilia

Mwadui, 22 Mei 2025

Mwanangu Vumilia,

Marahaba. Tupo wazima. Mama yako amerudia habari ya lori mpaka imekuwa malori matatu.

Usiende kwa Thobias, atakushangaa. Nafasi ile haikuwepo tena. Siku niliyopata barua yako ya kushindwa, kabla sijakujibu, nilipanda basi hadi Bugarama nikamwambia ampe mtoto wa mtu mwingine.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa utasema baba amekufungia mlango. Kumbe nawe ulikuwa unaniogopa mimi. Tumeogopana bure zaidi ya mwezi mzima.

Ile mashine ya mawe, mwanangu, nimeihudumia miaka thelathini na moja. Ilininyang'anya masikio, ikanipa ada zenu za shule, na siku nilipoiacha sikutoa hata chozi. Halafu nikasoma kwamba binti yangu anaililia kazi.

Siku ile huko Bugarama Thobias aliniandikia kwenye karatasi, maana naye amechoka kupiga kelele: kwani Vumilia ameshapata kazi? Nikamjibu kwamba anayo, ameiharibu, na anayo.

Baba yako,
Masalu