Siku Niliporudishwa Kutoka Marekani

Mwende mjukuu wangu,

Sisi Buruburu tu wazima, na mguu wa mamako umepona. Umeniuliza kama niliumia nilipopoteza ukaazi wa kudumu huko Marekani. Niliumia sana.

Nilikuwa nimekuja huku Buruburu kumuuguza mama yangu, nikakaa zaidi ya miaka miwili, ilhali mwenye kibali cha ukaazi hutakiwa makao yake yawe huko Marekani. Niliporejea Marekani, afisa wa uwanja wa ndege aliniuliza, "Mama, kwako ni wapi?" Mdomo ukanitangulia: "Buruburu." Kibali kikafutwa, nikapandishwa ndege ya kurudi.

Niliingia kwa mama macho yamevimba. Akajiinua kitandani, uso ukamchangamka.

"Mwanangu, umerudi upesi hivyo!"

Alifurahi mno hata nikashindwa kumwambia kwamba nimefukuzwa. Nikavua viatu, nikamchemshia uji.

Vaa sweta huko.

Nyanyako