Bolti ya Giaboksi Imekubali

Mama watoto,

Usimwage karai la bafuni, nimeloweka gia kwenye mafuta ya taa.

Ile bolti ya giaboksi iliyoganda imetoka! Asubuhi nzima naipasha moto, naipaka nta ya mshumaa, wapi! Ukapita na ndoo, ukacheka: "Mzee, ikaze kwanza kidogo, ndipo uilegeze." Nikanuna. Ulipotoka tu, nikaikaza. Ikalia kwii, ikalegea kama si yenyewe.

Nilikusikia ukimwambia dada yako bora gari lisipone, nisije nikatoroka tena. Basi likipona nitaondoka ~~peke yangu~~ na wewe. Sasa hivi nimekwenda kutafuta sili mpya ya kuzuia mafuta yasivuje. Ukirudi, anza kuchagua njia.

Baba watoto