Jina Katikati ya Ziwa

Mbeya, 9 Agosti 1954

Mwanakhamisi mke wangu,

Mimi mzima, ila miguu imechoka kuburuta mnyororo wa kupimia.

Bwana mpimaji, Mzungu wa Welisi, anasema kwao mji mzima ulizama baharini kwa sababu mlinzi wa lango la maji alilala. Hajauona, lakini ameuchora kwenye ramani. Sasa anataka kuchora na kijiji kilichozama katika ziwa la huku mlimani. Wazee walimwonyesha mahali, jina wakakataa. Huku kilichozama hakitajwi. Akanibana mimi.

Nikamwambia kinaitwa Jaha. Ameliandika kwa wino.

Nilikwambia mwanetu aliniponyoka mtoni. Sivyo. Uliniachia nimwangalie, nikalala.

Ndiyo maana sirudi Iringa.

Baba Jaha