Paka Aliyeungua Mgongo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Kandokando ya ziwa hili lote hajazaliwa mwenye makucha niliyeshindwa kumtongoza, na bibi yako ni shahidi. Mguu wake umepona, anakusalimu.

Unauliza utamtoaje huyo paka wako chini ya kitanda. Usimtoe. Keti sakafuni, mpe mgongo, kisha ule chakula chako taratibu.

Mimi nilijifunza hivyo kule Igogo, miaka ile viwanda vya samaki vilipofunguliwa. Minofu ilikwenda Ulaya, sisi tukakaanga mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki. Mtu alimmwagia paka mmoja mafuta ya moto. Mgongo ukaanza kuoza, naye akajificha nyuma ya mapipa. Bila dawa angekufa, na hakutaka kumwona binadamu. Siku tisa nilimpa mgongo, natafuna, namsimulia uongo wangu. Ya kumi akaja mwenyewe, akaegemea paja langu. Nikampaka dawa, akatulia.

Siku chache baadaye, kidonda kimeanza kukauka, nikashindwa kunyamaza.

"Njooni muone mwanaume!" niliwaita wenzangu.

"Huyu ataoa paka!" Mama Kulwa alicheka, kijiko cha kukaangia kikichuruzika mafuta mkononi. Wakatuzunguka wote. Paka akatetemeka, nami nikambana kwa nguvu wamwone vizuri.

Aliniparura, akakimbia, hakunikaribia tena nimpake dawa. Tulimkuta amekufa kabla wiki haijaisha.

Miaka yote nimewaambia watu kwamba mafuta ndiyo yaliyomuua. Alikuwa ameshaanza kupona, Neema. Mimi ndiye niliyembana.

Babu yako,
huku Buhongwa