Mstari Uliopinda

Jumatatu, 4 Machi
Kumbe ni kweli. Manispaa inafuta njia ya baiskeli, kuanzia zahanati mpaka sokoni. Eti inabana magari! Na nani katumwa kuifuta? Baba watoto wangu. Yeye ndiye aliyeichora kwa rangi miaka mitatu iliyopita, akanipeleka kuitazama kana kwamba kajifungua. Leo kaketi kula. Nimemwambia nimetia saini barua ya kupinga. Akasema mchuzi umezidi chumvi.

Jumanne, 5 Machi
Kafuta mita mia mbili. Nimepita hapo na baiskeli yangu kwenda zamu – lori limenipangusa kiwiko. Nimefika zahanati, vifungo vya sare ya uuguzi vikanishinda kufunga. Sijamwambia. Ataiuza baiskeli.

Alhamisi, 7 Machi
Alfajiri mimi, muuza maziwa na mwalimu wa hesabu tumepachora upya pale palipofutwa, kwa rangi iliyobaki tulipopaka jikoni. Mwalimu wa hesabu! Na bado mstari umekwenda upogo mpaka mtaroni.

Jioni mzee wangu karudi kavimba. Katumwa kufuta tena. Nikajiandaa kuhubiriwa sheria. Wapi! Kinachomuuma ni kupinda: watu watadhani ni kazi yake. Kisha akaona matone ya rangi kwenye viatu vyangu.

"Mstari hauchorwi kwa jicho, mama. Unavutiwa uzi."

Akaenda kuoga. Nimecheka, kisha nikaona haya. Kabakiza mwaka mmoja astaafu, na mimi ndiye ninayekitia kitumbua chake mchanga.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemweleza la lori. Kaukunja mkono wangu, kaukunjua, kaukunja tena. Hakutaja kuuza baiskeli.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika nimekaa juu ya ndoo, katikati ya barabara. Tulifika watatu wale wale kuchora tena. Mara huyo mzee, na uzi wake wa chokaa wa kunyooshea mistari – ndani ya ovaroli ya manispaa! Eti nguo za nyumbani zitachafuka. Kanipa ncha moja (nimeikanyaga ili niandike), nyingine kashika yeye. Mwalimu anakaripiwa kama mwanagenzi.

Gari la manispaa limekata kona. Msimamizi wa mzee anashuka. Nimemwambia mzee aende, nitasema nilikuwa na hawa wawili tu. Anaogopa, namjua, midomo imemkauka. Hata mimi naogopa.

"Usilegeze uzi," kanijibu.